Wiki Sita za Kwanza na Dawa ya Sonona

Mtu akiandikiwa dawa ya sonona, kuna jambo moja anapaswa kuambiwa kabla hajatoka kwenye chumba cha daktari, na mara nyingi hatoki nalo: maudhi hutangulia, nafuu huja baadaye. Kidonge cha kwanza kinakausha mdomo. Cha tatu kinavuruga tumbo. Usingizi unakuwa mzito kupita kiasi au unapotea kabisa, na ile huzuni iliyompeleka hospitali bado iko pale pale. Ikifika wiki ya pili anapiga hesabu: dawa inanitesa na hainisaidii. Anaacha, siku chache tu kabla dawa haijaanza kumfaa.

Namwandikia mtu huyo, nikimfikiria mkazi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo, anayeishi nyumba ya wapangaji yenye choo uani, anayekaanga chapati au kuendesha bodaboda juani kutwa nzima, na ambaye hana namba ya simu ya daktari wake. Maelezo ya ndani ya boksi la dawa hayakumfikiria.

Ukiandikiwa dawa hii kwenye hospitali ya umma, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, uwezekano mkubwa ni kwamba itakuwa amitriptilini au fluoksetini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu na kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini ni kongwe, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani Desemba 1987. Famasi kubwa huwa na nyingine, kama sertralini na sitalopramu, ambazo ni za ukoo mmoja na fluoksetini.

Dawa hizi hazitolewi kwa sonona peke yake. Amitriptilini kwa dozi ndogo hupewa wagonjwa wa kisukari wenye miguu inayowaka moto usiku, na watu wenye kipandauso cha mara kwa mara. Basi mama anayetibiwa miguu anasomewa na mwanawe kwenye simu kwamba kidonge chake ni cha wagonjwa wa akili, anashtuka, anakitupa. Mama, hujaitwa kichaa: kidonge kile kile hutuliza neva zinazopeleka maumivu. Fluoksetini na ndugu zake nazo hutumika kwa hofu isiyoisha na kwa watu waliobaki na majeraha ya moyo baada ya janga. Gongo la Mboto wanajua ninachosema. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalilipuka, zaidi ya watu ishirini wakafa, maelfu wakakimbia, na watoto wakapotezana na wazazi wao gizani. Anayeruka kitandani mpaka leo akisikia kishindo anastahili kumweleza daktari jambo hilo; lina tiba.

Sasa, dawa inafanya nini kichwani? Seli za ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa kemikali. Mojawapo ni serotonini, nyingine ni noradrenalini. Seli ikishatuma ujumbe huinyonya tena kemikali yake, iitumie siku nyingine. Fluoksetini huziba njia ya kunyonya serotonini, amitriptilini huziba ya serotonini na ya noradrenalini pia. Kemikali hukaa kwenye mwanya muda mrefu zaidi na ujumbe hupita kwa nguvu zaidi.

Uzibaji huo hutokea ndani ya saa chache. Mbona basi nafuu ichukue wiki? Kwa sababu kinachomponya mtu si kemikali kuongezeka kwenyewe, bali mabadiliko ambayo ubongo huyafanya ukiishi na ongezeko hilo: vipokezi vya ujumbe hujirekebisha na miunganiko baina ya seli hujengeka upya. Wakulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi wanaelewa: mvua ya kwanza hulowesha ardhi siku ile ile, lakini tuta halivunwi asubuhi yake. Kwa kawaida usingizi na hamu ya chakula hutangulia kurudi, ndani ya wiki moja au mbili, kisha nguvu, na furaha huwa ya mwisho. Wiki ya nne mpaka ya sita ndipo daktari anaweza kusema kwa haki kama dawa inafaa au haifai.

Huenda umewahi kuelezwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kama vile upungufu wa damu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mwaka 2022 watafiti wa London wakiongozwa na Joanna Moncrieff walipitia tafiti za miaka mingi, wakaona ushahidi wa upungufu huo haupo imara. Wapo waliolitumia jambo hilo kusema dawa ni uongo, na hapo mimi siwafuati. Swali la chanzo cha ugonjwa na swali la faida ya dawa ni maswali mawili. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye wagonjwa 116,477 na dawa 21. Zote 21 zilishinda vidonge visivyo na dawa. Zilishinda kwa kiasi, si kwa mbali sana, na amitriptilini, hii ya siku zote inayodharauliwa kwa ukongwe wake, ndiyo iliyoongoza kwa nguvu.

Kwa hiyo si kila mwenye huzuni anahitaji kidonge. Sonona nyepesi mara nyingi hupungua kwa mazungumzo yenye mpangilio na mtu aliyefundishwa. Zimbabwe imeonyesha njia: tangu 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, na matokeo yao yalipimwa kisayansi yakaonekana. Kidonge kina nafasi yake pale sonona inapokuwa ya wastani au kali: mtu hali, halali, hafanyi kazi, anatamani asiamke. Na hata hapo, mazungumzo pamoja na kidonge ni bora kuliko kidonge peke yake.

Kabla ya kumeza cha kwanza, mweleze daktari hata asipouliza: una kifafa, una tatizo la moyo, una presha ya macho, una tezi dume iliyovimba, una mimba au unanyonyesha, unatumia ARV au dawa za presha. Na hili ndilo watu wengi hulificha: kama uliwahi kupitia kipindi cha siku kadhaa ukiwa na nguvu za ajabu, hulali na huchoki, unaongea mfululizo, unatapanya mtaji. Sema tu, "Dokta, kuna wakati nilikuwa hivi, ndugu zangu wakaogopa." Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa upande wa pili, na matibabu yake ni tofauti.

Tuje kwenye amitriptilini. Kidonge hiki huanza kwa dozi ndogo, aghalabu miligramu 25 usiku, kisha daktari hupandisha taratibu. Kupandisha huko ni sehemu ya tiba, haina maana kwamba umezidiwa. Mbali na kazi yake kuu, amitriptilini hugusa mifumo mingine ambayo hukuiomba, na kila usumbufu una mlango wake. Hufunga kemikali inayoamuru mate, utumbo na kibofu: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unachelewa, macho hayaoni vizuri karibu. Hufunga nyingine inayokuweka macho: unasinzia. Hulegeza mishipa ya damu: ukisimama ghafla, dunia inazunguka.

Usingizi ndio unaowasumbua wengi wanaoamka alfajiri. Ukimeza saa tano usiku, saa kumi na moja kichwa bado kizito na unapitiliza kituo. Meza saa moja au saa mbili usiku, baada ya chakula, na ule uzito utakuwa umekwisha ukiamka. Wiki ya kwanza, anza siku ya Ijumaa au siku yoyote inayotangulia mapumziko yako, ili usiku wa kwanza usikukute na kazi kesho yake. Dereva wa bodaboda, bajaji au daladala asiendeshe mpaka ajue kichwa chake kinakuwaje asubuhi, na kila dozi ikipandishwa ajipime upya. Najua siku moja ya kutoendesha ni siku ya kutolipa hesabu ya bosi. Lakini kusinzia kwenye Barabara ya Nyerere katikati ya malori hakuna nafasi ya pili.

Kizunguzungu ni hatari usiku, ukitoka kwenda chooni. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu polepole mpaka thelathini, chezesha miguu, ndipo usimame ukishika ukuta. Washa taa ya simu. Mzee akianguka kwenye ngazi ya uani akavunja nyonga, madhara hayo ni makubwa kuliko sonona yenyewe, kwa hiyo wenye umri mkubwa huwa napenda waulize kama fluoksetini au sertralini inawezekana kwao.

Mdomo mkavu hautibiwi na soda. Sukari kwenye mdomo usio na mate huozesha meno haraka. Piga funda dogo la maji mara kwa mara, na usiache mswaki wa usiku. Kwa choo kigumu, ugali wa dona badala ya sembe, tembele, papai, maharage na maji mengi. Zikipita siku nne bila choo na tumbo linauma, nenda kituo cha afya. Ukishindwa kabisa kukojoa, usingoje hata saa chache. Na joto la Dar kati ya Desemba na Machi lina jambo lake: dawa hii hupunguza jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Mpika chapati mbele ya jiko, fundi ujenzi juu ya paa, wanywe maji kabla ya kuona kiu na watafute kivuli saa za mchana.

Fluoksetini ina tabia nyingine. Dozi ya kawaida ya kuanzia ni miligramu 20 asubuhi, kwa sababu huamsha; ukiimeza usiku utahesabu bati. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kina sababu nyepesi kueleweka: sehemu kubwa ya serotonini ya mwili haipo kichwani, ipo tumboni, na utumbo huihisi dawa kabla ya moyo kuihisi. Imeze baada ya uji au chai na kitafunwa, kamwe si tumbo tupu. Kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kichwa kikiuma, parasetamoli inatosha. Acha diklofenaki na ibuprofeni ambazo tumezoea kuzinunua kwa maumivu ya mgongo. Zikikutana na fluoksetini huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu.

Wafungaji wa Ramadhani huniuliza kama wataacha. Hakuna haja: zote mbili humezwa mara moja kwa siku. Amitriptilini baada ya futari, fluoksetini wakati wa daku. Mwambie daktari mapema kidogo kabla ya mwezi kuandama.

Lipo ambalo watu hawalisemi kwa daktari wala kwa mwenza. Fluoksetini na ndugu zake hupunguza hamu ya tendo la ndoa, huchelewesha mwanaume kumaliza, na humfanya mwanamke asifike. Si wote, lakini ni wengi, na tofauti na kichefuchefu, hili mara nyingi haliishi lenyewe. Mwanaume akiona hivyo hukimbilia vidonge vya nguvu za mtaani, mke anaanza kushuku kuna mwanamke mwingine, na nyumba inaingia ugomvi kwa sababu ya kitu ambacho kingeelezwa kwa sentensi moja. Mwambie mwenzio siku ya kwanza: "Dawa hii inaweza kunipunguza. Si wewe." Kisha mwambie daktari kwa maneno ya wazi, "Dokta, tangu nianze dawa, tendo la ndoa limekuwa shida." Anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Aibu ndiyo inayozuia ufumbuzi.

Yako mambo ambayo si maudhi madogo madogo. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe mwaka 2004 kwa watoto na vijana, ikalipanua 2007. Mara nyingi huanza kwa mtu kutotulia, kuzunguka chumbani, kuwaka hasira. Kijana wako akiwa hivyo usimwache alale peke yake. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Swali la kumuuliza ni la moja kwa moja: "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja husimamisha moyo. Kwenye nyumba yenye mtu aliyewahi kutaka kufa, vidonge vyote visikae kwake. Dada, shangazi au mke avihifadhi, ampe cha siku hiyo, na mwombeni daktari atoe vya wiki moja moja. Watoto wadogo nao: kidonge chenye rangi ni peremende machoni pao. Aliyemeza nyingi, hata kama anaongea vizuri, apelekwe haraka hospitalini pamoja na pakiti yenyewe.

Michanganyiko ya hatari kwetu hapa inajulikana. Tramado, ambayo vijana wengine huitumia kama kilevi, ikikutana na fluoksetini au amitriptilini inaweza kujaza serotonini kupita kiasi: mtu anatetemeka, anatoka jasho, joto linapanda, misuli inakakamaa, akili inachanganyikiwa. Sisi tukiona homa tunasema malaria. Kapime, ndiyo, lakini mwambie muuguzi dawa unayotumia. Malaria yenyewe ikionekana, taja amitriptilini kabla ya kupewa dawa mseto, kwa kuwa mseto unaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu na zote mbili hugusa mapigo ya moyo. Mtaalamu atajua la kufanya, nawe usiache kutibu malaria. Pombe na amitriptilini huongezeana usingizi, na pombe ya kienyeji haina kipimo. Mizizi na unga wa mganga nao utaje, bila kuona haya.

Mchungaji au shehe anayekuombea ni msaada wa kweli, na watu wengi wamevuka kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukaa nao. Anayekutaka utupe vidonge ili kuthibitisha imani yako, mwombe kwa heshima aje mzungumze na daktari. Dua na dawa vinakaa pamoja. Na jirani atakayesema "huyo sasa ni wa Mirembe" hajui kwamba hospitali ile ya Dodoma, iliyopo tangu 1927, ni ya wagonjwa, na wengi wao hurudi makwao.

Nunua dawa kwenye famasi moja, yenye mfamasia, kwa cheti. Pakiti zikibadilika rangi usiogope, viwanda ni vingi. Soma jina na miligramu, ndivyo vinavyopaswa kuwa vile vile. Ukisahau kidonge cha jana, endelea na cha leo, usimeze viwili. Ukienda msibani kijijini, vibebe. Rudi kliniki vikiwa vimebaki vya wiki nzima, ili ukikuta dawa imeisha dirishani upate muda wa kutafuta kwingine. Nenda na daftari lenye mistari michache: umelala saa ngapi, umekula, umefanya kazi, nini kimekusumbua. Usumbufu mzito au wa ajabu, omba ujazwe kwenye fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania; ndivyo nchi inavyojua dawa zake zinatufanyia nini.

Sehemu ngumu ya pili huja mwezi wa tatu au wa nne, umepona, na hela ya dawa ina matumizi mengine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kwa sababu anayeacha mapema huwa karibu zaidi na kuanguka tena. Dawa hizi hazikufanyi teja: huzitamani, wala huhitaji dozi kubwa zaidi kila mwezi. Lakini mwili umezizoea, na ukikata ghafla amitriptilini au sertralini utapata kichefuchefu, jasho, ndoto mbaya na kukosa usingizi, kisha udhani ugonjwa umerudi. Mnapunguza pamoja na daktari kwa wiki nne au zaidi. Fluoksetini hujipunguza yenyewe polepole, maana hubaki mwilini mpaka wiki tano baada ya kidonge cha mwisho. Iandike tarehe hiyo kwenye daftari. Daktari atakayekupa dawa nyingine ndani ya wiki hizo atahitaji kuijua.